Maji Miguuni pa Mjukuu



Likizo ya Desemba iliyopita tulifunga safari kutoka Mombasa kwenda Isiolo kumzuru binti yetu aliyeolewa huko. Kando yetu aliketi bibi wa nyumba, na nyuma mjukuu wetu wa miaka 7, aliyekuwa na hamu kubwa ya kumwona shangazi yake.

Joto la mwezi huo wasomaji wetu wa Pwani hawahitaji kuelezwa. Tuliwasha kiyoyozi tangu Changamwe, na hatukukizima hadi tuliposimama Mtito Andei kusali Adhuhuri. Tulipofungua mlango wa nyuma, tuliukuta msala wetu, uliokuwa sakafuni miguuni pa mjukuu, umerowa chapachapa, na zulia la gari chini yake likibubujika maji kila tulipolibonyeza. Mtoto alikuwa amelala tangu Voi.

"Umefanya nini?" tukamwuliza.

"Si mimi, Babu. Wallahi si mimi."

Tukamkemea kwa kukojoa, kwa kusema uongo na kwa kuapa, yote kwa pumzi moja na mbele ya watu. Bibi yake alisema kwamba suruali ya mtoto ni kavu. Neno hilo lilitosha kumzindua mwenye akili, lakini sisi tulikuwa tumekwisha kuhukumu. Msala tukaufunga ndani ya gunia, tukautupa butini kama kitu kilichonajisika.

Tulilala Nairobi. Siku ya pili tukapita Nanyuki na Timau, ambako baridi ilitufanya tukisahau kiyoyozi, kisha tukaanza kuteremka kuelekea Isiolo. Katikati ya mteremko bibi wa nyumba alivua viatu ghafla. Maji yalikuwa yamejaa chini ya nyayo zake.

"Na haya ni ya nani, Maalim?" akauliza.

Hatukuwa na jawabu. Tulipofika, binti yetu alimletea mtoto bilauri ya maji baridi. Akatikisa kichwa. Shangazi yake akambembeleza, naye akanong'ona, lakini tulimsikia: "Babu atasema nimekojoa." Ndipo tulipokumbuka kwamba tangu Mtito Andei hakuwa amegusa maji garini, na mezani alikuwa akinywa funda mbili tatu tu.

Tumesomesha fiqhi kwa zaidi ya miaka 20. Kila mwaka huwaeleza wanafunzi kwamba jambo la yakini haliondolewi na shaka, na kwamba asili ya kitu ni twahara mpaka ithibiti najisi. Tumeifasiri pia aya ya 12 ya Surat al-Hujurat, inayotukataza dhana mbaya, mara nyingi tusizoweza kuzihesabu. Elimu yote hiyo haikutufaa kitu mbele ya zulia lililorowa.

Asubuhi tulilipeleka gari kwa fundi wa mjini, kijana wa Kiborana. Alichovya kidole, akakinusa, akakisugua kwa kidole gumba. Maji ya rejeta yenye dawa, alisema, yana rangi, hunata kidogo na hunukia utamu. Hayo yangekuwa kazi kubwa. Maji ya mvua hupenya kwenye mipira ya milango au ukingoni mwa kioo cha mbele, nasi mvua hatukuiona njiani. Haya yalikuwa maji matupu.

"Sheikh, haya yametoka hewani," akasema.

Nyuma ya dashibodi kuna mirija ya baridi kali. Hewa yenye unyevu ikiigusa, unyevu hugeuka matone, kama yanavyofanya matone nje ya bilauri ya maji ya barafu. Matone hukusanyika, yakatoka kwa kipaipu cha mpira hadi chini ya gari. Gari letu hulala chini ya mwarobaini. Vijani vyake huingia kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, vikachanganyika na vumbi, vikawa tope lililokiziba kipaipu. Maji yakakosa njia, yakamwagika ndani, chini ya zulia. Kutoka baharini hadi Nairobi barabara hupanda zaidi ya mita 1,600, kwa hiyo yalirudi nyuma, kwa mtoto. Isiolo iko takriban mita 1,100 tu, na tulipoteremka yakaja mbele.

Kijana alilipandisha gari kwa jeki, akaliegemeza juu ya vigogo ndipo akaingia chini. Alikibinya kipaipu kwa vidole, kisha akapitisha waya laini uliokunjwa ncha, polepole, kwa kuwa ukisukumwa kwa nguvu waweza kutoboa mirija ya baridi na kuleta hasara kubwa. Mwisho akapuliza upepo kidogo wa kompresa. Mwingi, alisema, huweza kukichomoa kipaipu kwa ndani. Likatoka tope jeusi, kisha maji. Akawasha kiyoyozi, tukangoja. Hewa ya Isiolo ni kavu, na matone yalichelewa, lakini alhamdulillah yakaanza kudondoka mchangani.

Zulia tuliling'oa. Juu yake palikuwa na unyevu tu, ila sponji ya chini ilitoa karibu nusu ndoo ya maji. Tuliianika siku mbili juani. Wako wanaofukiza udi garini kuficha harufu ya namna hii, lakini udi haukaushi sponji, na bati la sakafu huendelea kuliwa na kutu.

Msala nao tukautoa guniani. Maji yale, kwa hukumu, ni kama umande. Ulikuwa twahara muda wote, ukihitaji jua tu.

Jioni ile tulimwita mjukuu mbele ya bibi yake, shangazi yake na mume wa shangazi yake, kwa kuwa tulimkemea mbele ya watu, tukamwomba radhi. Alitutazama kwa muda, kisha akaomba maji. Akanywa bilauri mbili.

Wakati wa kurudi, kila tuliposimama aliteremka wa kwanza na kuchungulia chini ya gari. Mtito Andei, waumini wakitoka msikitini, alipaza sauti kwa furaha:

"Babu, gari imekojoa!"