MTEREMKO WA BUGARAMA
Baiskeli, ndizi na filamu isiyo na mfadhili

Msafiri atokaye Gitega au Kayanza kwenda Bujumbura hana budi kupita njia panda ya Bugarama, juu mlimani, penye ukungu na baridi iwafanyayo akina mama wauzao karoti na kabichi kujitanda vitenge hadi kidevuni. Kutoka hapo barabara kuu huteremka kuelekea magharibi kwa zaidi ya kilomita 30, kona baada ya kona, hata ifike katika tambarare la Ziwa Tanganyika. Bugarama iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ufuko wa Bujumbura haufiki mita 800. Mtu huondoka juu amevaa koti, akafika chini akitafuta kivuli cha mwembe.

Bujumbura, ambayo hadi uhuru wa mwaka 1962 iliitwa Usumbura, haikuacha kuwa tumbo la nchi hata baada ya makao makuu ya kisiasa kuhamishiwa Gitega mwaka 2019. Mji hula kile ambacho milima hulima. Ndizi zipikwazo jioni katika nyumba za Kamenge, Buyenzi na Bwiza sehemu yake huletwa na malori, na sehemu nyingine huletwa na vijana wa baiskeli. Safari ya vijana hao ndiyo ajabu ya barabara hii.

Kazi yenyewe ni nyepesi kueleza na nzito kutenda. Kijana hununua ndizi milimani, akazifunga kwa kamba nyuma na ubavuni mwa baiskeli hata mwenyewe akaonekana kama mdudu aliyebeba kichuguu. Kisha hujiachia. Mlima humvuta naye humzuia kwa breki. Akishauza mzigo wake mjini, hana nguvu za kukanyaga kilomita zote zile za kupanda. Basi hungoja lori liendalo polepole, akalidandia kwa nyuma, mkono mmoja ukishika chuma cha lori na mwingine ukishika usukani. Mara nyingine vijana watatu au wanne hufuatana hivyo nyuma ya lori moja, wakimeza moshi wake hadi Bugarama.

Ili kuelewa hatari ya mteremko huo yafaa kupiga hesabu kidogo. Chukua mfano wa kijana wa kilo 60, baiskeli ya kilo 20 na ndizi za kilo 100. Jumla ni kilo 180 zinazoshuka zaidi ya mita 1,200. Nguvu ambayo mlima humpa mpandaji huyo, kama yote ingegeuzwa kuwa moto, ingetosha kuchemsha lita 6 hivi za maji, yaani sufuria kubwa ya chai ya jamaa nzima. Upepo huchukua sehemu yake. Sehemu kubwa iliyobaki lazima imezwe na vipande vidogo vya mpira wa breki visivyozidi urefu wa kidole. Ndiyo sababu mpira huo huchoka upesi, na ndiyo sababu kijana mwenye busara hukagua breki zake kabla ya kukagua ndizi zake. Wako waliovunjika viungo katika kona hizo, na wako ambao hawakurudi nyumbani.

Gharama za kazi hii hazina mtu wa kuzichangia. Tairi, mpira wa ndani, mnyororo, spoki na breki hutoka katika mfuko wa mpandaji mwenyewe. Siku akiugua, hakuna mshahara. Siku ndizi zikiiva njiani, hasara ni yake. Tena Machi 2022 serikali ilikataza baiskeli, pikipiki na bajaji kuingia katikati ya mji wa Bujumbura, na waendesha baiskeli wakalazimika kuishia pembezoni.

Katika nchi za baridi kuna mchezo unaofanana na huu kwa sura, ingawa haufanani nao kwa sababu. Mkanada Joseph-Armand Bombardier aliunda gari la kupita juu ya theluji, akapata hataza yake mwaka 1937. Mwaka 1959 kampuni yake ikatoa chombo kidogo mfano wa pikipiki, chenye mkanda nyuma na mbao mbili za kuteleza mbele. Leo vijana wa huko huruka navyo milimani, na wenzao huwapiga picha za filamu. Nao hulalamikia gharama: chombo chenyewe ni ghali, mafuta ni ghali, gari la kukivuta hadi mlimani ni ghali, na kamera juu ya hayo yote. Asiye na kampuni ya kumfadhili hulipa kwa akiba yake. Lakini kijana wa theluji hutoa fedha ili apate hatari, ilhali kijana wa Bugarama hukubali hatari ili apate fedha. Anayetaka kuwapiga picha wawili hawa hana budi kuanza na tofauti hiyo.

Mteremko wa Bugarama umekwisha kupigwa picha mara nyingi na wageni. Mgeni hushuka na gari lake, hufungua dirisha, hupata dakika chache za mshangao, akaenda zake. Watazamaji wa mbali huona mtu anayecheza na mauti. Hawaoni kitabu cha madeni nyumbani, wala karo ya shule, wala mama anayehesabu saa tangu alfajiri. Swali linalowakabili wasanii wa Bujumbura ni hili: kwa nini habari hii isisimuliwe na wenyeji wanaojua majina ya kona zile?

Jibu la kwanza ni fedha. Historia ya sinema ya Burundi yaonyesha hivyo. Filamu ndefu ya kwanza ya hadithi ya nchi hiyo, Gito l'ingrat, ilitoka mwaka 1992. Mwongozaji wake, Léonce Ngabo, alikuwa akijulikana kwanza kama mwanamuziki. Filamu yahusu kijana arudiye Bujumbura kutoka masomoni Ulaya akidhani kiti cha uwaziri kinamngoja, na wanawake wawili wanaomfunza adabu. Ni kichekesho cha nyumbani, lakini haikuwezekana kutengenezwa kwa fedha za nyumbani peke yake. Ufaransa na Uswisi zilishiriki.

Si ajabu. Sinema ya zama zile ilipigwa kwa ukanda wa filamu. Ukanda wa milimita 35 hupita ndani ya kamera kiasi cha mita 27 kwa kila dakika. Sinema ya dakika 90 huhitaji karibu mita 2,500 za ukanda, na hizo ni zile tu azionazo mtazamaji. Mwongozaji akirudia kila tendo mara kumi, atanunua mita 25,000, kisha azisafishe katika maabara. Mwaka uliofuata, Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na nchi ikaingia katika vita vya miaka mingi. Katika hali ile, nani angenunua ukanda?

Siku hizi ukanda umeondoka. Kamera ndogo huhifadhi picha katika kadi isiyozidi ukucha, na simu ya mkononi inaweza kupiga picha safi kuliko kamera nyingi za kale. Mwaka 2009 Ngabo alianzisha tamasha la sinema la Bujumbura liitwalo Festicab, na vijana wamepata mahali pa kuonyesha kazi zao. Hata hivyo gharama imehamia penginepo. Kumfuata mwendesha baiskeli mlimani kwahitaji gari la pili, na gari lahitaji mafuta, katika nchi ambayo kwa miaka kadhaa imesumbuliwa na upungufu mkubwa wa petroli. Betri zahitaji umeme. Sauti ya upepo mlimani huharibu maneno, hivyo kinasa sauti kizuri ni cha lazima. Mhariri lazima ale. Na mpandaji mwenyewe, akisimamishwa nusu siku mbele ya kamera, lazima alipwe ujira wa nusu siku hiyo, asiyemlipa amemwibia.

Lipo pia jambo ambalo wenye tamaa ya ufadhili hulisahau. Mfadhili naye ana bei yake. Anayetoa fedha kwa ajili ya mwendo wa kasi atataka kasi zaidi. Atasema kijana ashuke tena, safari hii bila kugusa breki, kwa kuwa jua lilikuwa vibaya mara ya kwanza. Mwigizaji anaweza kurudia tendo mara kumi. Mpandaji wa Bugarama hapaswi kurudia kona hata mara moja kwa sababu ya kamera. Uhai wake haukuwekwa katika bajeti ya mtu.

Kwa hiyo umaskini wa mpiga picha waweza kumwelekeza penye njia iliyo njema. Asiye na gari la kufuata na asimame palipo salama kandokando ya barabara, aache baiskeli zipite. Aende Buyenzi, mtaa wa Waswahili na wa mafundi, akapige picha ya mikono ya fundi inayobadili breki. Aingie jikoni, aone ndizi zikimenywa, na amuulize mama wa nyumba kama ajua zilivyofika. Kazi hizo hazihitaji petroli. Zahitaji saburi na adabu ya kubisha hodi. Filamu ya dakika 12 iliyotengenezwa hivyo yaweza kusema mengi kuliko saa nzima ya mbio.

Lakini isiwe kisingizio cha kuwaacha wasanii wafunge mkanda peke yao. Wenye vyombo vya utangazaji waweza kuazima kamera na chumba cha uhariri. Wafanyabiashara wanaojaza magari yao kwa mavuno ya milima waweza kuchangia mafuta ya siku moja bila kudai jina lao liandikwe kwenye kila kona. Na filamu ikiisha, ionyeshwe kwanza Bugarama, palepale sokoni, ili wenye kupigwa picha wawe wa kwanza kusema kama wamesemwa kweli.

Mwenda pole hajikwai, wahenga walinena. Vijana wa mteremko ule wangependa kwenda pole, kama bei ya ndizi ingewaruhusu.