Bao Ambalo Halikufungwa

Mwaka wa pili huu naandika riwaya, na sura ya mwisho imenigomea. Mhusika wangu ni mtu wa kweli: Wilson Palacios, kiungo mkabaji wa Honduras. Hakuwa mtu wa chenga wala mabao. Kazi yake ilikuwa kunyang'anya mpira katikati ya dimba, kumpasia mwenzake aliye karibu, kisha kurudi kukaba tena.

Alizaliwa mwaka 1984 La Ceiba, mji wa bandari kwenye pwani ya Karibi. Ni Mgarifuna, jamii yenye damu ya Waafrika na ya wenyeji wa visiwa vile, ambayo Waingereza waliihamisha kwa nguvu kutoka kisiwa cha St Vincent mwaka 1797. Kwao mpira ulikuwa kazi ya ukoo. Ndugu zake kadhaa waliucheza pia. Jina alilipatia klabu ya Olimpia. Mwaka 2007 akaenda Uingereza kufanya majaribio Arsenal. Arsène Wenger akampendekeza kwa Steve Bruce, na Birmingham City ikamchukua kwa mkopo.

Basi, mambo yakianza kumnyookea, Oktoba mwaka huohuo wahalifu wakamteka nyara mdogo wake kule Honduras. Familia ikatoa fedha za kumkomboa. Mtoto hakurudi.

Kaka mtu akaendelea kucheza. Januari 2008 akahamia Wigan. Januari 2009 Tottenham ikamnunua kwa bei iliyotajwa kuwa paundi milioni 12. Mashabiki waliona mtu asiyechoka. Nani angejua anakimbia na nini kifuani? Mei 2009 mwili wa mdogo wake ukapatikana. Akapanda ndege kurudi kwao.

Mimi nami nina mdogo wangu. Siku moja alichelewa kutoka tuisheni, simu haipatikani. Mama kasimama mlangoni, mimi nimeshika kalamu lakini sioni hata mstari. Saa mbili tu zile! Wilson alikaa na hali ile zaidi ya mwaka na nusu, na siku ya mechi anavaa jezi kama wenzake.

Sura ya mwisho niliipangia Afrika Kusini, Kombe la Dunia 2010. Honduras hawakuwa wamefika huko tangu 1982. Wilson, Jerry na Johnny wakawa ndugu watatu wa kwanza kuwamo katika kikosi kimoja cha fainali hizo. Nikasema, hapa ndipo! Nikamwandikia Wilson bao. Nikampigisha magoti, nikamwinulia mikono mbinguni. Nililia mwenyewe.

Mshikaji wangu mmoja akasoma, akacheka. "We vipi, si Honduras hawakufunga hata bao moja?"

Kweli. Walifungwa na Chile 1–0, wakafungwa na Hispania 2–0, wakatoka 0–0 na Uswisi, wakarudi kwao. Niliona haya. Nilikuwa nimemchukua yule mtoto aliyekufa, nikamfanyia biashara ili nipate machozi ya msomaji.

Haya, labda Brazil 2014? Lakini wapi! Juni 15, Porto Alegre, dhidi ya Ufaransa, kabla hata ya mapumziko Wilson alimsukuma Paul Pogba ndani ya eneo la hatari. Kadi ya pili ya njano, nje. Benzema akafunga penati, na mechi ikaisha 3–0. Mimi nilishamfanya malaika, kumbe mwenye msiba naye hucheza rafu.

Nimeichana ile sura, nimeanza upya. Hakuna Kombe la Dunia. Ni msimu wa 2009/10, ule uliofuata msiba. Tottenham walimaliza nafasi ya nne na kupata tiketi ya Ligi ya Mabingwa, naye alikuwa palepale katikati. Katika sura yangu mpira unadunda, haujulikani wa nani. Anaufuata. Anaunyang'anya. Anampasia mwenzake, anageuka kurudi kukaba.

Jana usiku nilimsomea mdogo wangu.

"Sasa kaka, ndo imeisha hivyohivyo?"

"Ndo imeisha. Kalale, kesho shule."

Alipolala niliamka mara mbili kwenda kuhakikisha mlango umefungwa.