Meza Iliyoinama

Katika vituo vingi vya Masisi na Walikale, meza ya biyari imekuwa mahali pa kukutania. Nasi tuliopewa kazi ya kufundisha tuitazame kwa makini.

Ilibuniwa kwa nchi zenye sarafu: ukitumbukiza sarafu, mipira huachiliwa. Kwetu faranga ni za karatasi tangu 1998. Basi mwenye baa huuza jetoni, au huliacha sanduku wazi na kupokea noti mkononi.

Meza hiyo yahitaji utunzaji: ilazwe sawa, kitambaa chake kipigwe brashi, ncha za ngozi za fimbo zibadilishwe. Unyevu wa msitu hukifanya kitambaa kizito. Sakafu ya udongo hudidimia upande mmoja. Achezaye hapo kila jioni ajua mteremko ulipo. Mgeni atokaye machimboni hajui. Wakiwekeana fedha, mgeni amekwisha kushindwa kabla ya kugonga mpira. Hapo huzaliwa ugomvi, na penye silaha nyingi hakuna ugomvi mdogo.

Tumwendee mwenye baa kwa heshima. Chupa ya maji isiyojaa, ikilazwa juu ya meza, itaonyesha upande ulioinama. Kipande cha ubao chini ya mguu kitaunyanyua. Gharama yake ni ndogo.

Lakini ajuaye mteremko akanyamaza, apate faida, ametumia mizani ya uongo. Jasho la mwenziwe amelila, hata kama mkono wake haukuiba.