Kilicho Nyuma ya Msasa

Msasa, kabla haujawa karatasi, ulikuwa jani. Maseremala wa pwani walilichuma mtini wakalainishia mbao, na jina la mti likahamia dukani. Katika karakana za visu za Marekani msasa umehama tena: ni mkanda wa kitambaa, upana wake sentimita 5 na urefu wake 183, uzungushwao na mota. Fundi hulishika bapa la kisu akaliegemeza juu yake. Lakini mkanda ni kitu kilegevu, ukisukumwa hurudi nyuma. Ndipo nyuma yake pakawekwa bamba, wala akinunuaye kisu hatalijua kamwe.

Bamba, hata hivyo, hujiandika kwenye kisu. Lile la chuma laini huliwa na mkanda siku hadi siku, likafanya bonde katikati, na bapa lililosuguliwa bondeni hutoka na kilima. Fundi huulaumu mkono wake mwezi mzima kabla hajakumbuka kutazama nyuma ya msasa. Wako wanaobandika ngozi, na wako wanaobandika kitambaa kilichopakwa grafaiti, ule weusi wa ndani ya penseli, ili mkanda uteleze na joto lipungue. Ni vizuri kwa kung'arisha. Ila kilaini humezea: pembe iliyokusudiwa kuwa kali hutoka mviringo, mfano wa shairi lililopigwa msasa na wahariri watatu.

Joto ndilo hatari yenyewe. Feleji ya kisu imekwisha kutiwa matiko: imechomwa hadi ikawa nyekundu, ikazamishwa katika mafuta, kisha ikapashwa upya kwa nyuzi 200 hivi ili isiwe nyepesi ya kuvunjika. Makali, kwa kuwa ni membamba, hupata moto upesi kuliko mgongo. Msuguano wa nukta chache tu watosha. Hutokea rangi ya majani makavu, kisha zambarau, na karibu na nyuzi 300 buluu ya kupendeza macho. Na palipo na buluu hiyo matiko yamekwisha toka. Ukiusugua weupe ukarudi, ugumu haurudi. Kwa hiyo wengi hunoa bila glavu, ili kidole kionye mapema, na ndoo ya maji haikai mbali.

Basi wengi wamechagua kioo, tena si kioo cha dirisha. Mwaka 1953, huko Corning, jimbo la New York, mkemia S. Donald Stookey alitia kipande cha kioo tanurini akikusudia nyuzi 600. Kidhibiti kikaharibika, moto ukapanda hadi 900. Alipokitoa kwa koleo kilimponyoka kikaanguka sakafuni, kikalia kama chuma, kisivunjike. Jamaa ya kioo hicho kilichogeuka kauri huwekwa leo kwenye milango ya meko za kuni, na mafundi hukata vipande vyake, unene wa milimita 6 hivi, wakavigundisha juu ya bamba. Mkanda huteleza juu yake, hauli ila kidogo sana; joto halikipindi. Gundi ndiyo dhaifu, maana hulainika kwa moto, kwa hiyo mwenye busara huweka kizuizi kidogo cha chuma chini yake kisiporomoke. Na kikigongwa ukingoni humeguka.

Katika mtihani wa American Bladesmith Society, chama kilichoasisiwa mwaka 1976, kisu hukata kwa pigo moja kamba inayoning'inia, hukata ubao mara mbili, kisha lazima kinyoe nywele za mkono. Hatimaye hubanwa na kupindwa nyuzi 90, kisivunjike. Makali yaliyopoteza matiko hayafiki kwenye unyoaji.

Kwa hiyo kabla ya kisu cha mtihani fundi huzima mashine, huondoa mkanda, huweka rula ya chuma juu ya kioo, akainama kutazama kama kuna mwanga upitao chini yake.