Kutoka Watamu hadi Marafa kwa Njia ya Mchanga

Saa kumi na mbili asubuhi Watamu, maji yamekupwa na ufuo umebaki mweupe hadi macho yanauma. Mimi ni mtu wa Kisii. Kwetu udongo hung'ang'ania buti mpaka mguu unakuwa mzito kama jiwe la kusagia, na mvua ikinyesha mtu hushuka kilimani kwa kuteleza. Hapa ardhi haing'ang'anii kitu. Nikiinua mguu, alama yake inajaa mchanga taratibu, na baada ya hatua tatu huwezi kujua kwamba nimepita.

Mwenyeji wangu ni mtaalamu wa udongo aliyestaafu, mzaliwa wa pwani hii hii, na kila tupitapo watu humwita Mwalimu. Begani ana begi la turubai lenye kisu, kioo cha kukuzia, kitabu cha rangi na kichupa cha asidi nyepesi. Aliniahidi kunionyesha mchanga wa kwao kuanzia baharini hadi Marafa, na nilipomwambia kwamba mchanga ni mchanga tu, alinyamaza. Sasa anachota gao la mchanga wa ufuoni, anadondosha tone moja la asidi, ananisogezea mkono sikioni. Unachemka. Povu dogo jeupe linapanda kati ya punje, na kweli linasikika, kama soda iliyofunguliwa chumba cha pili.

"Huu ulikuwa hai, mwanangu," anasema. "Matumbawe na makombe. Bahari imesaga chokaa. Kumbuka sauti hiyo."

Tukapanda gari la mpwa wake hadi Gede kutafuta kifungua kinywa. Chini ya mwembe, mama mmoja alikuwa akiopoa mahamri kwenye karai, na harufu ya iliki ilitupokea kabla yeye hajatuona. Alitupakulia mbaazi zilizopikwa kwa tui zito, akauliza nimetoka wapi, na aliposikia Kisii akaniongezea hamri la tatu, kwa kuwa safari ya mbali, alisema, haimalizwi kwa mawili. Januari hii kaskazi inavuma, maembe yamejaa, na kila meza ya barabarani ina fungu la apple na fungu la ngowe. Tulipita haraka kwenye magofu ya mji wa kale, ule ambao James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948 na kukuta vyombo vya kaure kutoka China. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, mwamba wa miamba ya kale ya bahari uliotandaa katika ukanda huu wa chini. Mwalimu alinionyesha ukuta kwa kidole tu. Haraka yake ilikuwa msituni.

Msitu wa Arabuko-Sokoke una zaidi ya kilomita za mraba 400, na ukiwa garini utadhani ni kijani kimoja kisichobadilika. Ukishuka na kutazama chini, utaona misitu mitatu imepangwa juu ya udongo wa namna tatu. Upande wa mashariki, penye ardhi ya kijivu yenye unyevu kidogo, ndipo msitu wa mchanganyiko ulipo, wenye mbambakofi, mti ambao pwani nzima inaujua kwa milango yake. Katikati, mchanga unakuwa mweupe na miti ya mirihi inachukua nafasi. Magharibi zaidi ardhi inageuka nyekundu na miti inasongamana, mifupi na migumu. Huko ndiko anakoishi bundi mdogo wa Sokoke ambaye wataalamu wa ndege hawakumwandika vitabuni hadi miaka ya 1960. Bundi huyo haendi kwenye mchanga mweupe. Nao kwera wa Clarke, ndege wa manjano na mweusi, wanapenda hiyo mirihi.

Tulisimama kwenye mirihi. Matawi yamejikunja kama mikono ya wazee, yamevaa kuvu za kijivu, na mwanga unapita kwa wingi kwa sababu miti haikukaribiana. Chini, mchanga mweupe ulikuwa umeandikwa: mkia wa mjusi, vishimo vidogo kama faneli vya mdudu anayetega sisimizi, na duara kubwa la mguu wa ndovu, mikunjo ya wayo ikionekana moja moja. Nilichutama nikaweka kiganja changu ndani ya duara lile, na nikabaki pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Mwalimu akatoa kichupa. Tone likaanguka juu ya mchanga mweupe wa msituni, mweupe sawa na wa Watamu. Nikasogeza sikio. Kimya. Tone likadidimia, basi.

Huu si chokaa. Ni kwazi, punje za jiwe gumu kama kioo, na chini ya kioo cha kukuzia zilionekana kama sukari iliyochekechwa. Mvua ya miaka isiyohesabika imeosha kila kitu kilichoweza kuoshwa, virutubisho vikashuka chini, zikabaki punje zisizokubali kuyeyuka. Mirihi huishi juu ya umaskini huo na kustawi. Nilimwaga maji ya kunywa kwenye chupa yangu, kama kikombe hivi, na hayakutambaa hata inchi moja. Yalizama palepale yalipoangukia.

Saa tano tulipita Malindi bila kusimama, ila kwa madafu mawili ya baridi, tukavuka daraja la Sabaki. Mto huu ndio Athi, ndio Galana. Unabadilisha jina kadiri unavyoteremka, lakini rangi yake ni ya kahawia, na ukiangalia upande wa bahari unaona jinsi unavyoitia doa. Baada ya daraja tukaacha barabara ya Lamu na kuingia bara kupitia Marikebuni. Hapo ardhi ilianza kupanda kidogo kidogo na kuwaka. Sijui neno jingine. Wekundu wake ni wa ngeu, na kandokando yake mikorosho imetandaza matawi mpaka yakagusa chini, na moshi mkali wa kanju, yaani korosho, zinazochomwa ukaingia garini kabla hatujaona nyumba.

Gari likazama. Tulikuwa tumeacha barabara kufuata kijia cha kwenda kwa jamaa za Mwalimu huko Magarini, na kila mpwa wake alipokanyaga mafuta magurudumu yalijichimbia zaidi, mchanga ukiruka kama maji. Sikupata nafasi ya kuwa na wasiwasi. Vijana wanne walitokea shambani, mmoja akapunguza upepo wa matairi, mwingine akaja na makuti makavu kichwani akayalaza mbele ya magurudumu, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akawa anaongoza: "Polepole, polepole, sasa!" Tulipotoka hawakutaka hela. Walitaka kujua tunakwenda wapi, na waliposikia kwamba tunatafuta shimo la kutazamia udongo, wakacheka kwa furaha ya kweli. Shimo walikuwa nalo. Nyumba ya tatu walikuwa wanachimba choo.

Mwenye mji alitupokea kama watu waliosubiriwa. Viti vya plastiki vikatoka, maji ya kunawa yakaja, na mchimbaji, jamaa mwembamba mwenye mabega kama ya mvuvi, akanipa mkono kuniteremsha. Shimo lilikuwa limefika shingoni mwangu. Juu, mchanga ulikuwa wa moto kiasi cha kuchoma vidole kwenye ndara. Kimo cha mkono mmoja kwenda chini ulikuwa baridi na unyevunyevu, ingawa mvua za vuli zilikuwa zimeisha. Ukuta wa shimo ulisimama wima. Mchanga wa Watamu usingesimama hivyo.

"Nionyeshe unapobadilika," Mwalimu akaniambia kutoka juu.

Nilitafuta. Sentimita ishirini za mwanzo zilikuwa na weusi wa mboji, zenye vijizizi vya majani. Chini ya hapo wekundu ulianza, na haukuwa na mstari, haukuwa na jiwe, haukuwa na tabaka ambalo ningeweza kuliwekea kidole na kusema hapa. Ulizidi tu kuwa mwekundu. Karibu na goti langu mzizi wa mkorosho, mnene kama kidole gumba, ulipita ukitoka ukuta mmoja na kuingia ukuta wa pili. Mti wenyewe ulikuwa hatua ishirini kutoka pale.

Mwalimu akaniomba donge la kutoka usawa wa kiuno. Akalilowesha, akalifinya, likawa mpira mdogo. Akajaribu kuuviringisha uwe mkia. Ukafika unene wa kidole, ukakatika. Mchanga mtupu usingekubali hata mpira. Udongo wa mfinyanzi wa kwetu Kisii ungekuwa mkia mrefu wa kukunja pete. Kiganja chake kilibaki chekundu, na aliponipa kioo nikaona siri yake: kila punje imevaa ngozi nyembamba ya kutu ya chuma, na pale ngozi ilipobanduka, ndani yake mnang'aa kwazi ile ile ya Sokoke. Katikati yao kulikuwa na vichembe vyeusi vizito. Kule Kwale, katika mchanga wa jamii hii hii, vichembe hivyo vilichimbwa kama madini ya titani kuanzia 2013 hadi 2024.

Kisha akafungua kitabu cha rangi. Mfumo wake ulitungwa na Albert Munsell, mwalimu wa sanaa wa Marekani, na kutolewa mwaka 1905, na wapima udongo wa dunia nzima hubeba kurasa zake za vibandiko ili wekundu wa Magarini na wekundu wa Brazili usigombaniwe kwa maneno. Aliweka donge chini ya tundu, akahamisha ukurasa, akahamisha tena. "2.5YR 4/6," akasema, na wenye mji wote wakainama kutazama kibandiko. Bibi wa nyumba hiyo akasema yeye angesema mwekundu wa damu ya kuku. Mwalimu alikubali na akaandika yote mawili.

Jina la udongo huu ndilo lililonifunga mchana ule. Wanajiolojia huliita tabaka zima Mchanga wa Magarini, kwa jina la hapa hapa tulipokaa, na wanasema mito na upepo viliurundika zaidi ya miaka milioni mbili na nusu iliyopita. Wapima udongo wao huuliza swali lingine: je, mita nzima ya kwanza ni kichanga bila tabaka la mfinyanzi? Ikiwa ndivyo, ni Arenosoli, kutoka neno la Kilatini la mchanga, na ndugu zake wametanda Kalahari na Saheli. Ikiwa mfinyanzi unaongezeka kadiri unavyoshuka, jina linabadilika, ingawa rangi haibadiliki. Mwalimu alisema kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni, mwendo wa nusu saa, unaweza kuvuka majina matatu. Alipokuwa kijana alibeba keekee ya kutobolea ardhi kwenye vilima hivi, na bado anazungumza kwa heshima juu ya ramani kubwa ya udongo wa Kenya iliyochapishwa mwaka 1982, na kitabu cha udongo wa eneo la Kilifi cha mwaka 1987.

Vitabuni mchanga huu huandikwa kuwa maskini, na kwa kipimo cha virutubisho ni kweli. Mita moja ya mchanga hushika kama milimita 60 tu za maji yanayofaa mmea. Tifutifu hushika zaidi ya mara mbili. Lakini mwenye mji hahesabu mita moja. "Mzizi wa mkanju hauna haraka," aliniambia. "Maji yakikimbia chini, unayafuata." Mkorosho ulikuja na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, ukakuta pwani ya Afrika Mashariki mchanga wa kina usiotuamisha maji, jambo ambalo mti huo haulipendi kabisa, nao ukatulia. Muhogo pia. Bibi alituonyesha: alishika shina kwa mikono miwili, akavuta bila jembe, na mihogo mitano ikatoka safi kama iliyooshwa. Kwetu ningechimba nusu saa kwa mavuno hayo.

Tulikula wari, ndivyo sima inavyoitwa hapa, kwa mchunga uliopikwa kwa nazi, na mihogo ile ya kuchemsha. Mchunga ni mchungu hasa. Unahitaji tonge la pili ili uuelewe, na la tatu unaomba uongezewe. Juu yake wakanipa bibo bivu, la manjano, linaloacha kinywa kikavu kama umelamba chaki na bado ukataka jingine.

Marafa tulifika saa kumi na moja. Nyika inakwenda tambarare, kisha ardhi inakatika mbele ya miguu yako. Wenyeji hupaita Nyari. Chini kuna bonde la nguzo na kingo zenye ncha, nyeupe, waridi, chungwa, nyekundu, zote za mchanga uliochongwa na mvua, na mvua bado inachonga. Kijana wa kijiji anayetembeza wageni alitusimulia habari za familia tajiri iliyooga maziwa huku majirani wakifa njaa, mpaka ardhi ikawameza. Weupe ni maziwa, wekundu ni damu. Alisimulia taratibu, akituangalia usoni, na hakuna aliyemkatiza. Tuliteremka kijia chembamba hadi sakafuni. Joto la mchana lilikuwa limenasa mle ndani. Niliweka mgongo kwenye ukuta wa mchanga mrefu kupita nyumba, ule ule niliosimama ndani yake mchana hadi shingoni, nikatazama juu nikitafuta mstari unaotenga. Jua lilipoinama rangi zote zilihama pamoja, na kwa dakika chache zambarau ikaingia mahali ambapo sikuwa nimeiona.

Tulirudi gizani, taratibu, matairi yakiwa bado na upepo kidogo. Magarini tukasimama kurudisha sufuria tuliyopewa pamoja na mihogo ya njiani. Taa ya sola ilikuwa imening'inizwa juu ya shimo, na kutoka humo ulitoka mchanga, koleo kwa koleo. Bibi alikuwa ameketi kando akibangua kanju. Mwalimu akainama ukingoni, akauliza wamefika wapi.

"Futi kumi," sauti ya mchimbaji ikajibu kutoka chini.

"Na umekuta nini?"

Koleo likatulia kidogo.

"Bado mchanga, Mwalimu."