Waliorudi kwa Kufuata Mto

Shuleni kwetu Nachingwea tulitenga chumba kimoja kiwe makumbusho madogo. Watoto wakaleta mitungi, vinu, na majembe ya babu zao. Siku ya kukifungua nalimwalika mzee mmoja wa Ruangwa atusimulie habari za utumwa. Nalidhani atataja minyororo na masoko, kama vitabu vitajavyo. Lakini alipokwisha kuketi akauliza, "Mwalimu, waliopelekwa pwani mmewasoma. Je, waliorudi?"

Nalinyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa na sababu.

Mzee akachora mistari miwili mavumbini, mmoja Mbwemkuru, wa pili Lukuledi. "Misafara ya kutoka Nyasa ilishuka kwenda Kilwa na Lindi," akasema, "na mito hii nayo hushuka baharini. Basi mtoro asiyejua njia alijua neno moja, ya kuwa apandaye mto anarudi bara." Alikwenda usiku, mchana akajificha vichakani, akala ming'oko aliyoichimba kwa mti uliochongwa. Njia kuu aliziepa, maana ye yote aliyemkamata aliweza kumwuza tena.

"Lakini taabu kubwa si njia," akaendelea. "Taabu ni kufika. Pengine kijiji chake kimechomwa, na ndugu wametawanyika. Mtu asiye na ukoo ni mawindo. Ilimpasa kwenda kwa mkubwa wa mji na kumwambia, Mimi ni wako." Wengine walipewa shamba, wakahesabiwa watoto wa nyumba. Wengine waliuzwa na haohao waliowakaribisha.

Hapo nikawaeleza watoto habari za Masasi. Sultani Barghash alikataza biashara ya watumwa baharini mwaka 1873, na misafara ya bara mwaka 1876. Mwaka huohuo wa 1876 Askofu Edward Steere alipita Lindi pamoja na watu waliokombolewa, akikusudia kuwarudisha nchi za Nyasa. Walipofika Masasi wengi wakaona wamekaribia kwao, wakakaa. Walakini mwaka 1882 Magwangwara waliushambulia mji ule, wakachukua mateka, na watu waliokwisha kuonja uhuru wakafungwa tena. Na sheria ya kukomesha utumwa katika Tanganyika haikutoka mpaka mwaka 1922.

Ndipo kijana mmoja akauliza, "Babu, mjukuu wa mtoro naye ni mtumwa?" Wenzake wakacheka, wakageuka kumtazama mtoto mmoja aliyeketi nyuma, ambaye jamaa zake husemwa kwa siri kuwa ni watu wa kuja. Mtoto yule akainamisha kichwa.

Wasomaji, mimi nami ni wa uzao huo. Bibi wa bibi yangu alipanda bonde la Lukuledi akiwa msichana, akapokewa katika nyumba ya Wamwera, akapewa jina la ukoo wao. Nyumbani tulikatazwa kulisema. Nalipoposa nalilificha, na miaka yote ya ualimu wangu nalifundisha utumwa kama habari ya watu wengine. Siku ile nalisimama nikasema mbele ya wote, na sauti ikanitetemeka.

Mzee hakustaajabu. Akasema, "Basi wewe ni wetu tangu zamani, Mwalimu. Hata sisi nyumbani kwetu tuna bibi kama huyo." Watoto hawakucheka tena.

Makumbusho yetu hayana mnyororo hata mmoja. Lakini kesho yake yule mtoto alileta mti wa kuchimbia ming'oko, uliokuwa wa bibi yake. Tumeuweka karibu na mlango, pamoja na karatasi iliyoandikwa kazi yake.

Ndugu zangu, ikiwa kwenu yuko bibi au babu ambaye asili yake hunenwa kwa kunong'ona, wendeeni wazee wangali hai, mkawaulize alitoka wapi, alipita njia gani, na nani alimfungulia mlango. Kisha waambieni watoto wenu kwa sauti ya kawaida.