Matanga ya Nusu Karne

Baba yangu hakuzikwa. Mwezi Mei 1972 aliitwa, akatoka na baiskeli yake, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona, hai wala maiti. Kwa hiyo hatukukaa matanga, na matanga yasiyokaliwa hayana siku ya kuanuliwa. Tulihama nayo hadi Katumba, yakaishi nasi katika kibanda cha miti cha mama, yakahamia katika nyumba yangu ya matofali ya kuchoma, mpaka juzijuzi nilipowachukua watoto na wajukuu tukaenda Rumonge kuyamaliza. Namshukuru Mungu aliyeniweka hai hata nikaifikia siku hiyo. Ushuhuda wangu ni huo.

Rumonge ni mji wa Burundi ulio kando ya Ziwa Tanganyika, kusini mwa Bujumbura. Nyumba yetu ilikuwa juu kidogo, pale milima inapoanza kupanda, kiasi kwamba usiku tuliziona taa za wavuvi ziwani. Baba alikuwa na michikichi, tukikamua mawese nyumbani, na siku za soko alipakia dagaa wakavu kwenye baiskeli akawapandisha vijiji vya milimani. Jumapili alifundisha katekisimu. Alijua kusoma na kuandika, na mwaka ule kujua kusoma kulitosha kumponza mtu.

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka huko kwetu, Rumonge na Nyanza-Lac. Waasi walikuwa Wahutu, na waliua raia, wengi wao Watutsi wasio na hatia yoyote. Hilo nalisema mapema kwa sababu wengi wetu tukisimulia huwa tunaliruka. Kisha likaja jibu la serikali ya wakati ule, na jibu hilo halikuwatafuta waasi peke yao. Liliwaangukia Wahutu nchi nzima, likianza na walimu, wanafunzi, makarani, wafanyabiashara, kila aliyeonekana amefumbuka macho. Wanahistoria wanakadiria waliouawa kuwa kati ya laki moja na laki tatu. Watu waliitwa kwa majina, wakaenda wenyewe kwa sababu hawakuwa na la kuficha. Baba alikwenda hivyo. Waliouawa walitajwa kuwa wasaliti, na ndugu zao hawakuthubutu kuwalilia hadharani. Mama alilia usiku, kanga mdomoni, asisikike njiani.

Tuliondoka kwa giza: mama, kaka yangu mkubwa, mimi niliyekuwa na miaka kumi, na mdogo wetu mgongoni. Tulishuka ziwani tukapata mtumbwi wa wavuvi waliokuwa wakivusha watu kuelekea kusini. Mama alilipa kwa dumu la mawese na kitenge chake cha harusi. Tulishukia Kagunga, kijiji cha kwanza cha Tanzania kwenye ufuko ule, na baadaye tukafika Kigoma. Wenyeji wa pale walitupa ugali na migebuka bila kutuuliza kabila. Mama alikumbuka sahani ile mpaka anakufa.

Makazi ya wakimbizi ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973, karibu na Mpanda. Tulipelekwa kwa treni, na tuliposhuka hapakuwa na kijiji. Palikuwa na pori la miyombo. Kila familia ilipimiwa eneo, ikapewa shoka, jembe, panga, mbegu na mgao wa chakula wa kusukumia siku mpaka mavuno. Mbung'o walituuma mchana, simba waliunguruma usiku, na malale yalikuwa tishio la kweli. Mdogo wetu hakumaliza masika ya kwanza; surua ilimchukua. Yeye alizikwa, tena kwa heshima, na mama alisema kitu ambacho sikukielewa kwa umri wangu: kwamba afadhali huyu, maana anajua alipo.

Mama alifyeka pori lile kwa mikono yake. Mwanzoni mahindi na mihogo, kisha maharage, kisha tumbaku iliyotusomesha. Haikupita miaka mingi, Katumba ikawa inauza chakula badala ya kupewa. Watu wakiniuliza tulivukaje, ningependa kuwaambia tulivuka kwa sala, na kusali tulisali. Lakini zaidi tulivuka kwa kazi ya pamoja. Aliyeugua alilimiwa. Aliyefiwa alipikiwa. Mjane hakuachwa aezeke nyumba peke yake. Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali, hivyo dunia yetu ilikuwa ndogo, na katika dunia ndogo jirani hukosi kumwona anapolala njaa.

Niliolewa hapo hapo, nikazaa hapo hapo. Wanangu walisoma kwa Kiswahili, wakaimba wimbo wa taifa wa Tanzania kila asubuhi mstarini, huku kwenye makaratasi wakiwa wakimbizi wa nchi ambayo hawakuwahi kuiona. Mwaka 2007 na 2008 tuliokuwa katika makazi matatu ya zamani, yaani Katumba, Mishamo na Ulyankulu, tuliulizwa familia kwa familia: mnarudi Burundi au mnaomba uraia? Wengi sana walichagua uraia, na watu zaidi ya 160,000 wakakubaliwa, ingawa vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Mimi nilichagua Tanzania. Kaka yangu alichagua kurudi. Tuliagana stesheni, yeye na mabati yake na mbuzi wake, na kila mmoja alimwonea mwenzake huruma.

Kaka hakulipata shamba la baba. Mashamba ya waliokimbia 1972 yalikuwa yamegawiwa watu wengine, na kule Rumonge mengine yaliingizwa katika miradi ya michikichi. Makubaliano ya Arusha ya mwaka 2000 yaliahidi kwamba wakimbizi watarudi na suala la ardhi yao litashughulikiwa, na tume ya ardhi iliundwa mwaka 2006. Lakini familia mbili zikisimama juu ya udongo mmoja, zote zina la kusema. Kaka alipewa kiwanja katika kijiji kilichojengwa kwa ajili ya waliorudi bila ardhi. Watoto wake waliokuwa wakiongoza darasani Katumba walianza upya kwa Kifaransa, wakiwa wakubwa kuliko wenzao. Mwaka 2015 watu walipokimbia tena kwa maelfu kupitia Kagunga ile ile, nilimpigia simu kila jioni. Alisema, "Dada, mimi safari hii sikimbii. Miguu imechoka." Alibaki, na Mungu akamhifadhi.

Yeye ndiye aliyesema tumalize msiba wa baba. Warundi wana desturi ya kufunga rasmi kipindi cha kuomboleza: ndugu hukutana, hula, husema ya marehemu, kisha maisha huruhusiwa kuendelea. Baba hakufanyiwa. Mwaka 2020 tume ya ukweli na maridhiano ilifukua makaburi ya pamoja karibu na mto Ruvubu, huko Karusi, ikapata mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Habari hiyo ilimkosesha kaka usingizi. Baba hakuchukuliwa upande ule, lakini ilimwonyesha kaka kwamba sasa inawezekana kuyataja mambo yale mchana.

Tulisafiri wakati wa likizo ya Juni: mimi, wanangu na wajukuu. Toka Mpanda kwa barabara ya Uvinza hadi Kigoma, kisha Manyovu mpakani. Hapo wajukuu walipata mshangao wa kwanza. Waha wa Manyovu walinisalimia kwa Kiha, nami nikajibu kwa Kirundi, tukasikilizana bila taabu, na mjukuu wangu mdogo akauliza kama huko nyuma nchi hizi zilikuwa moja. Uhamiaji walikagua hati zetu na kadi za chanjo ya homa ya manjano, wakatugongea mihuri. Ofisa aliangalia pasi yangu, mahali palipoandikwa nilikozaliwa, akaniambia, "Karibu nyumbani, mama." Sikuweza kumjibu.

Upande wa pili petroli ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi, na gari tulilokodi lilisimama Nyanza-Lac muda mrefu likisubiri dumu la magendo. Watoto waliingia ziwani. Niliwatazama wakirushiana maji katika ziwa ambalo mimi nililivuka nikiwa nimezibwa mdomo kwa kiganja cha mama, nikaona ni vizuri. Sikuwaita watoke.

Rumonge ya utotoni sikuikuta. Mji umekua, na ziwa nalo limepanda. Maji yamekula nyumba za ufukweni na sehemu ambako tulikuwa tukianika dagaa. Lakini tulipokata kona kupanda mlima nilianza kuwaongoza mimi, si kaka. Kijito kilikuwa mahali pake. Mwamba tuliokuwa tukianikia nguo ulikuwa mahali pake. Juu ya kiwanja chetu kulikuwa na nyumba nyingine, na mlangoni mama mmoja mzee wa rika langu, na kijana wake amesimama kando amekunja mikono.

Kaka alikuwa amekwenda kwao mapema kuomba ruhusa, maana huwezi kumwingilia mtu na ukoo mzima bila hodi. Hata hivyo hofu ilikuwepo. Kule, kundi la watu kutoka Tanzania likisimama kwenye shamba lako, kwanza unafikiri kesi. Nilimsalimu kwa mikono miwili, nikamwambia, "Mama, sikuja na mwanasheria wala kamba ya kupimia. Nimekuja kumlilia baba yangu mahali alipotokea."

Alinyamaza, kisha akatuletea mikeka. Aliniambia aliletwa hapo akiwa mke mdogo, baada ya mumewe kugawiwa kiwanja na wakubwa wa wakati huo, na kwamba siku zote alijua pana wenyewe, kwa sababu alipolima alikuta vipande vya vyungu. Aliniambia na la pili, kwa sauti ya chini. Kaka yake aliuawa Nyanza-Lac katika siku zile za mwanzo, na walioua walikuwa waasi. Naye hakuwahi kumwona.

Mjukuu wangu wa kiume, aliye sekondari, alinivuta pembeni. "Bibi, shamba ni letu. Mbona tunaomba ruhusa?" Ni swali la haki, na sikumkemea. Nilimwambia kwamba babu yake mkuu alidhulumiwa, hilo halina mjadala, na kuna vyombo vya kulisema, na kaka yangu alilisema huko. Halafu nikamuuliza: shamba la Katumba lililokusomesha ni la nani? Lile pori lilikuwa na wenyewe kabla yetu. Wakonongo walikuwa wakirina asali na kuwinda humo. Serikali ilitupimia, nasi tukafyeka. Hatukumfukuza mtu kwa mikono yetu, lakini kuna mtu aliyekosa mzinga wake ili mama yangu apate jembe. Hawakuja kutuchomea. Mama huyu naye alipimiwa kama sisi. Kijana alisema kwamba si sawasawa, kwa sababu Katumba hakuna aliyeuawa ili sisi tupate. Nikamwambia kweli, si sawasawa.

Tulikaa mchana kutwa. Tulipika wali, maharage na migebuka kwa mawese. Kaka aliongoza sala, kisha tukaanza kumsema baba. Kaka alisema jinsi alivyotunza baiskeli ile kuliko viatu vyake. Mimi nilisema jinsi alivyotufundisha herufi kwa mkaa juu ya mwamba. Wanangu, ambao hawakuwahi kumwona, walitamka jina lake mmoja mmoja, na wajukuu wakafuata, wengine wakilivunja kwa Kiswahili chao cha Mpanda. Mwishoni yule mama mwenyeji aliomba nasi tutaje jina la kaka yake. Kulikuwa na ukimya. Mwanangu mkubwa ndiye aliyelitaja kwanza, nasi tukalirudia. Kijana aliyekunja mikono hakukaa mkekani wala hakula chakula chetu. Sikumlaumu, anacho cha kulinda.

Nashuhudia kwamba niliporudi Katumba nililala. Huenda hilo ni dogo kwa aliyezoea kulala. Kwangu, tangu utotoni, kila mlango ulipogongwa usiku moyo ulikimbia kabla ya akili, kwa sababu msiba usiofungwa huacha mlango wazi, na upande mmoja wa nafsi bado unamsubiri aliyetoka. Sasa simsubiri.

Kwa wenzangu wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu ambao bado mnaijua njia, nasema nendeni wakati mnaweza kupanda kilima. Wachukueni watoto. Pigeni hodi kwa anayekaa pale leo kabla hamjakanyaga. Andikeni majina ya wazee wenu na ya vijito, maana kijana aliyezaliwa huku hatavijua bila nyinyi. Na mkiwasimulia, msianzie pale mlipoumizwa ninyi.

Mjukuu wangu bado ana swali lake la shamba. Tunabishana nalo jikoni, na kila likizo anakuja na hoja mpya. Siku moja mimi sitakuwepo, naye ataamua mwenyewe kama atadai, atasamehe, au atafanya yote mawili. Nimempa habari yote ninayoijua, ya baba yangu na ya kaka yake mama yule, ili atakapoamua asiamue kwa nusu yake.